Unahama nyumba na una akwariamu ya maji chumvi? Soma hii kabla hujaita kirikuu

Mtu akihama nyumba hapa Dar, tuseme anatoka Sinza anaenda Kigamboni, na sebuleni ana akwariamu ya maji chumvi, kitu cha kwanza anachowaza ni nani atambebea. Anatafuta vijana wanne wenye nguvu, anatafuta kirikuu, anatafuta godoro la kuzuia kioo kisigongwe, na siku yenyewe tangi linafika salama bila hata mkwaruzo, samaki wanarudishwa wanaogelea vizuri, watu wanapiga picha wanatuma kwenye status. Siku ya tatu au ya nne samaki mmoja anaonekana anahema juujuu karibu na uso wa maji, kesho yake wawili wamelala chini, na wiki haijaisha tangi zima limekwisha. Hapo lawama zinaenda kwa safari, eti samaki walitikiswa sana barabarani, au eti maji ya upande ule hayafai. Mara nyingi safari haikuhusika kabisa. Kuna viumbe wengine walikufa kabla ya hao samaki, hawaonekani kwa macho, na hakuna aliyekumbuka kwamba nao walitakiwa kuhamishwa wakiwa hai.

Tuanze na hao, maana ukiwaelewa mambo mengine yote ya kuhama yanajipanga yenyewe. Samaki anatoa amonia muda wote, sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua akiwa anapumua tu, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Amonia inaunguza matamvua. Kule baharini maji hayana mwisho kwa hiyo inapotea, ila kwenye tangi la lita 300 haina pa kwenda. Wanaoizuia ni bakteria, kundi moja linachukua amonia linaigeuza nitriti, kundi la pili linachukua nitriti linaigeuza nitrati ambayo samaki wanaivumilia vizuri mpaka utakapobadilisha maji. Sio habari mpya hii, Sergei Winogradsky alishaonyesha miaka ya 1890 akichunguza udongo kwamba kazi hiyo inafanywa na bakteria wa aina mbili tofauti. Na nitriti yenyewe kwenye maji chumvi haina makali kama ilivyo kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa sababu kloridi nyingi iliyopo kwenye maji ya bahari inaizuia isiingie kirahisi mwilini mwa samaki, kwa hiyo adui wetu mkubwa kwenye kuhama ni amonia, na hapo ndo macho yako yawe.

Sasa swali la msingi, hao bakteria wanakaa wapi? Wengi wanadhani wako kwenye maji. Ndo maana utaona mtu anahangaika kuhamisha lita zote 300 za maji ya zamani, hataki kumwaga hata ndoo, halafu mawe yake ameyapanga kwenye karai barazani yanapigwa na jua la saa sita. Amegeuza mambo. Bakteria hawa wanajigandisha kwenye kitu kigumu, kwenye vitundu vya mawe, kwenye punje za mchanga, kwenye sponji ya chujio, kwenye kuta za mabomba, na wanaoelea tu majini ni wachache sana. Maji ya zamani yana faida yake, samaki hapati mshtuko wa mabadiliko, lakini unaweza kumwaga nusu yake na tangi lisitetereke. Ukikausha mawe ndo umeua tangi, hata kama umekuja na kila tone la maji.

Na jiwe likikauka hasara ni mbili kwa wakati mmoja. Kwanza hao bakteria, wafanyakazi wako, wanakufa. Pili, ndani ya jiwe lililokaa baharini au kwenye tangi kwa muda mrefu mna sponji hai, minyoo, vikonokono vidogo, kaa wadogo wa kila aina, wote hao wakifa wanaoza, na kuoza ndo hiyohiyo amonia. Kwa hiyo sumu inapanda wakati uleule ambao wa kuiondoa wamepungua. Mawe yasafiri yakiwa ndani ya maji, na kama safari ni fupi na vyombo havitoshi basi yafunike kwa taulo au magazeti yaliyoloweshwa maji ya tangi lenyewe, chombo kiwe na mfuniko, kikae kivulini. Safarini bakteria wanataka vitu vitatu tu, unyevu, oksijeni na joto la kawaida.

Hiyo oksijeni ndo inayowaponza watu wenye chujio la nje, lile la mkebe uliofungwa. Pampu ikizimwa, maji yaliyomo ndani ya mkebe hayazunguki tena, bakteria waliojazana humo wanamaliza oksijeni yote ndani ya saa chache, wanaanza kufa, maji yanaharibika. Mtu anafika nyumba mpya jioni, anachomeka, anawasha, na ule uozo wote wa kutwa nzima unamwagika tangini kwa mkupuo. Dawa yake ni rahisi, ukizima tu fungua mkebe, sponji na vile vipande vya kauri vitoe uviweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi na pampu ya hewa, visafiri hivyo, mkebe wenyewe usafiri mtupu. Na usivioshe kwa maji ya bomba la DAWASA, yale yana klorini na klorini imewekwa humo makusudi kuua bakteria.

Mchanga sasa. Hapa naomba utulie maana mimi naamini mchanga umemaliza matangi mengi kuliko safari zote za mabarabarani. Tangi likishakaa mwaka, miwili, mitatu, uchafu unazama chini ya mchanga unalundikana, mavi ya samaki, mabaki ya chakula, majani yaliyooza. Kadiri unavyoshuka chini ndo oksijeni inavyopungua, na kwenye mchanga mzito kuna sehemu oksijeni haifiki kabisa, huko wanaishi bakteria wengine ambao wanatengeneza hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Ukikwangua kwa kidole pembeni ya kioo unaona tabaka jeusi au la kijivu. Ukiliacha limetulia halina shida. Ukilivuruga ni kama kufukua shimo la choo katikati ya sebule, na kuhama ni kulivuruga tu hata ufanyeje, maana huwezi kubeba tangi lenye mchanga bila mchanga kucheza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, usirudishe mchanga wa zamani kama ulivyo. Una njia mbili. Unaweza kuutupa wote ukaweka mpya, bakteria wa kwenye mawe wakabeba mzigo wakati mchanga mpya unazoea, na hii kwa tangi lenye mawe ya kutosha inakwenda vizuri tu. Au unautoa unausuuza kwenye ndoo, unaukoroga, unamwaga, unarudia mpaka maji yanatoka meupe, kisha suuza ya mwisho iwe kwa maji ya bahari. Najua kuusuuza kunaua wengi wa bakteria waliomo, sawa, lakini bora upoteze hao kuliko kuingiza uchafu wa miaka mitatu kwenye maji mapya. Wapo wanaochota kikombe kimoja au viwili vya mchanga wa juujuu kabisa, ule msafi, wanaunyunyiza juu ya mpya ili uupe mbegu, na hilo nalikubali. Ila ule wa chini mweusi, aisee, uache.

Tuje kwenye maji. Kazi ya maji inatakiwa iwe imeshafanyika kule unakohamia kabla hata hujagusa tangi. Siku kadhaa kabla, peleka mapipa, jaza angalau nusu ya ujazo wa tangi, ukiweza jaza ujazo wote, weka pampu izungushe, pima chumvi na joto, yakae yanakusubiri. Hiyo akiba ndo inakuokoa pale ndoo moja inapopinduka kwenye kirikuu au pale maji ya zamani yanapofika yamechafuka. Mapipa yawe mapya au yaliyowahi kubeba maji tu. Madumu ya lita 20 ya mtaani mengi yalikuwa na mafuta ya kula, mengine sabuni, mengine dawa za viwandani, na plastiki inashika harufu na mabaki hata ukisuuza mara kumi.

Dar tuna bahati, bahari iko hapo, watu wengi hawanunui chumvi ya kuchanganya wanaenda tu kuchota. Chota maji yakiwa yamejaa, maana muda huo maji ya kutoka nje ndo yamesogea ufukweni, yakipwa unachota matope na takataka. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita 3, kwa hiyo saa uliyochagua ina maana kubwa sana. Kaa mbali na mito na mifereji, pale karibu na Daraja la Salenda ambako Mto Msimbazi unamwaga sio pa kuchota kabisa, na kipindi cha masika hata sehemu nzuri inaharibika kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa, maji ya mtoni yanapunguza chumvi na yanaleta uchafu wa mji mzima. Ukichota, chuja kwa kitambaa kizito, weka mahali pasipo na mwanga pampu ikizungusha, viumbe vidogovidogo vilivyomo vife na kutulia chini, halafu tumia ya juu. Pima chumvi kwa refraktomita, unataka gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, au kwa wenye haidromita, ile inayopima uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi, ni 1.025 hadi 1.026. Kilicho muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba maji mapya yafanane na ya zamani, kama tangi lako lilikuwa linakaa 1.023 basi usiwashtue samaki siku hiyohiyo ya kuhama, wapeleke taratibu wiki zinazofuata.

Na ukiwa baharini usishawishike kung'oa jiwe au tumbawe la kuongezea. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu yote duniani yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini hata pasingekuwa na sheria, lile jiwe ni nyumba ya viumbe mamia na limechukua miaka mingi kuwa vile lilivyo.

Nyumba mpya nayo inahitaji ukaguzi wake, na hapa watu wanakuwa wavivu. Piga hesabu. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300, na maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi, lita moja ni kama kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 307. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, tangi hilo linatumia mita za mraba 2.3, hapo umeongeza kilo 57. Ongeza mawe kilo 30 na mchanga kilo 30, hujaweka meza, umeshapita kilo 420 zimesimama kwenye eneo la zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba. Kama ni nyumba ya chini yenye sakafu ya zege hakuna tatizo. Kama unahamia ghorofani, liweke kando ya ukuta mkubwa, juu ya bimu, sio katikati ya sebule, na zungumza na mwenye nyumba mapema maana lita 300 zikimwagikia jirani wa chini hilo ni deni. Tumia pima maji ya fundi kuhakikisha meza imelala sawa pande zote, meza ikiinama maji yanasukuma kona moja zaidi na silikoni ya kona hiyo ndo inachoka. Chini ya tangi weka sponji nyembamba au povu ili kipunje kimoja cha mchanga kisije kikapasua kioo cha chini.

Umeme uangaliwe na fundi kabla. Maji chumvi yanapitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo soketi iwe na ethi ya kweli, sakiti breka iwe ile inayokata haraka umeme ukivuja, na kila waya unaotoka kwenye tangi uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, tone likiteremka kwenye waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Halafu nunua LUKU ya kutosha. Usiku wa kwanza kwenye nyumba ngeni sio usiku wa uniti kukata saa tisa.

Siku mbili hivi kabla ya safari acha kulisha. Samaki mzima mwenye afya haumii kwa siku mbili bila chakula, na tumbo likiwa tupu anachafua ndoo kidogo sana. Wiki hiyohiyo usisafishe chujio, usibadilishe sponji, usiongeze samaki, acha kila kitu kitulie.

Siku yenyewe mpangilio ndo kila kitu. Anza alfajiri, foleni ya Mandela au ya kuelekea darajani Kigamboni ikikukuta saa mbili asubuhi una ndoo za samaki nyuma utajuta. Hita ndo inachomolewa kwanza, uiache ndani ya maji dakika 15 hadi 30 ipoe, ukiitoa ikiwa ya moto kioo chake kinapasuka. Kisha nyonya maji kwa mpira kabla hujagusa jiwe hata moja, maana maji bado ni meupe, yajaze kwenye vyombo vya samaki na vya mawe. Watu wanaanza kukimbiza samaki kwa wavu tangi likiwa limejaa na mawe yamo ndani, wanavuruga mchanga, wanatia samaki kiwewe, saa nzima imeisha na hawajashika hata mmoja. Toa maji mpaka yabaki theluthi, toa matumbawe, toa mawe, angalia kila jiwe maana samaki wadogo na kamba wanajificha kwenye vitundu wanatoka nalo, ukishamaliza hapo samaki wamebaki hawana pa kujificha na kuwashika ni kazi ya dakika chache. Yale maji machafu yaliyobaki chini pamoja na mchanga usiyahifadhi.

Kila kiumbe ana tabia yake. Bunju usimtoe juu ya maji kwa wavu, akiogopa anajijaza, na akijijaza hewa badala ya maji inaweza kugoma kutoka, mkinge kwa chombo akiwa majini. Kangaja ana visu viwili vikali kwenye shina la mkia na wavu wa nyuzi unamnasa hapo, naye chombo ni bora. Samaki-simba, yule wa miiba mirefu kama manyoya, miiba yake ya mgongoni ina sumu, ikikuchoma weka mkono kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia, yasizidi nyuzi 45, halafu nenda hospitali. Mkunga lazima ndoo yenye mfuniko unaofunga sawasawa, anatoka popote. Na jongoo bahari asafiri peke yake kabisa, akisumbuliwa anaweza kutoa sumu inayoua samaki wote waliomo naye, tena kwenye ndoo ndogo inatosha kiasi kidogo tu.

Anemoni usiivute kwenye jiwe. Kama imeshikilia, ibebe na jiwe lake. Ikichanika mguu inaoza, na anemoni moja iliyooza inachafua tangi zima.

Kuhusu vyombo, mifuko ya rambo haipo tena tangu Juni 2019 na hata ingekuwepo isingefaa, inapasuka. Tumia ndoo zenye mfuniko, na kama una deli lile la kubebea barafu basi umepata, linatunza joto lisipande wala kushuka. Usijaze ndoo mpaka juu, maji ya bahari yenye joto yanashika oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 28 ni kama miligramu 6 na kitu kwa lita, na oksijeni mpya inaingilia kwenye uso wa maji, kwa hiyo ndoo pana iliyojaa nusu ni bora kuliko ndefu iliyojaa pomoni. Pampu za hewa za betri bei yake sio kubwa, weka moja kila chombo chenye samaki. Samaki wakae kwenye kabini ya gari dogo yenye kiyoyozi, mawe na vyombo vingine ndo vipakiwe kwenye kirikuu. Na hiyo kirikuu yenyewe imeundwa kubeba kilo 350, kwa hiyo usiipakie maji, mawe, tangi na vijana wanne kwa mpigo, piga tripu mbili.

Tangi lenyewe libebwe likiwa tupu kabisa. Wapo wanaoacha maji ya vidole vinne na mchanga ndani wakidhani wanaokoa muda, yale maji yakicheza yanasukuma vioo upande huu na upande huu, silikoni inaachia polepole, halafu linaanza kuvuja wiki mbili baadaye ukiwa kazini. Lishikwe chini, sio kwenye kingo za juu, na chini yake liende na plaiwudi.

Mkifika, haraka zote ziishe. Panga meza, tangi, mchanga, mawe, maji uliyoandaa pamoja na yale meupe uliyobeba, washa pampu na hita, rudisha sponji kwenye chujio, subiri maji yatulie na joto lilingane. Samaki wanasubiri kwenye ndoo na pampu zao za hewa, hakuna ubaya hata ikifika jioni.

Hapa kuna jambo moja ambalo lazima lielezwe vizuri maana linapingana na tulivyozoeshwa. Kwenye chombo kilichofungwa samaki anapumua anatoa kaboni dayoksaidi, inajaa, pH ya maji, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, inashuka. Muda huohuo amonia inapanda, lakini pH ikiwa chini sehemu kubwa ya amonia inakaa katika umbo la amoniamu ambalo halina madhara sana. Sasa ukifungua chombo, kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda, na ile amoniamu inageuka amonia yenye sumu. pH ikipanda namba moja nzima, sumu inaongezeka karibu mara 10. Kwa hiyo ule utaratibu wa kufungua mfuko na kudondoshea maji mapya tone kwa tone kwa saa mbili, kwa samaki waliofungiwa muda mrefu ni kuwaua taratibu. Kama walikaa kwenye ndoo wazi zenye pampu ya hewa kwa saa mbili tatu na maji ya tangi yana chumvi ileile, linganisha joto tu, mtoe samaki kwa chombo mhamishie, maji ya ndoo yamwage nje. Kama walifungiwa kwa saa nyingi, hakikisha chumvi na joto la tangi vinafanana na vya chombo kabla hujafungua, ukishafungua wahamishe chap. Ndo maana kazi ya kulinganisha chumvi nimesema ifanyike kwenye maji siku kadhaa kabla, isifanyike kwenye mwili wa samaki.

Wiki ya kwanza pima amonia kila siku, asubuhi. Kipimo kikionyesha hata miligramu 0.25 kwa lita usisubiri, badilisha maji robo ya tangi, ndo maana lile pipa la akiba halijamwagwa bado. Lisha nusu ya kawaida, au lisha siku moja acha moja. Taa punguza saa zake, hasa kama una matumbawe, yasije yakapigwa na mwanga mkali mahali papya wakati maji bado hayajatulia. Chembechembe zikielea na maji kuwa na ukungu siku ya kwanza ni kawaida, ukungu ukizidi na samaki wanahema juu, pima hapohapo. Samaki mpya asiingie mpaka wiki nne hadi sita zipite na amonia imekaa sifuri muda wote huo.

Kama unaona huwezi kuwabeba wote, mpe mwenzako mwenye tangi au mrudishie aliyekuuzia. Usiende kuwamwaga Coco Beach hata kama ni samaki wa bahari yetu hiihii, kwenye tangi wamekaa na samaki wengine na wanaweza kuwa wamebeba magonjwa, na kama ni wa kutoka bahari nyingine ndo hatari zaidi. Samaki-simba wa huku kwetu na wa Pasifiki walionekana pwani ya Florida mara ya kwanza 1985, wanahusishwa na matangi ya majumbani, na leo wamesambaa Karibea nzima wanamaliza samaki wadogo wa huko.

Mwisho kuna wale wa Dodoma, maana tangu serikali ianze kuhamia kule 2016 watumishi wengi wamebeba maisha yao yote. Ile sio safari ya saa moja, ni kama kilomita 450, na ukifika hakuna bahari ya kukimbilia. Kwa safari hiyo ushauri wangu ni kugawa kazi mara mbili, tangi na mawe na bakteria vitangulie, vikae wiki mbili tatu vikifanya kazi, huku samaki wamebaki Dar kwa mtu unayemwamini, halafu wao wafuate usiku wakati hakuna joto la Morogoro mchana. Usiwaache bakteria wakae tu bila chakula muda wote huo, tupia chembe chache za chakula cha samaki zioze ndani ya tangi wapate amonia ya kula.

Maji utachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu ya akwariamu, tangi la lita 300 linataka kama kilo 11. Chumvi ya mezani haifai, hata ile ya Uvinza haifai, karibu yote ni kloridi ya sodiamu, wakati maji ya bahari yana magnesiamu kama miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu kama 400, potasiamu karibu kiasi hichohicho, na matumbawe bila kalsiamu hayajengi kitu. Maji ya kuchanganyia yawe yamepita kwenye mashine ya RO, ile inayochuja madini, maji ya Dodoma yanatoka sana kwenye visima vya Mzakwe na yana madini yake tayari. Kwa sababu mji uko kwenye mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo na maji yanashika oksijeni pungufu kwa asilimia kama 12 kuliko Dar, kwa hiyo idadi ya samaki iliyokuwa sawa kule huenda hapa ikahitaji pampu ya ziada inayotikisa uso wa maji. Juni na Julai usiku kunakuwa na baridi kweli, hita iliyokuwa haifanyi kazi sana Dar itawaka usiku kucha. Hewa kavu nayo inafanya maji yakauke haraka, na hapo unaongeza maji baridi ya RO peke yake, usiongeze ya chumvi, kwa sababu maji yakikauka chumvi haiondoki. Chora mstari kwa wino pembeni ya kioo, kila asubuhi jaza mpaka kwenye mstari.